Makohozi ya Kuazima

Nilikuwa na mdomo, sikatai. Kazi yangu katika wodi ya kifua kikuu pale Nakuru, miaka hiyo ya hamsini, ilikuwa kupiga deki, kukusanya vikopo vya makohozi na kufokea wageni. Kwenye veranda tulichora mstari wa chokaa: mgonjwa huku, mgeni kule. Ole wako uguse chokaa! "Rudi nyuma ya mstari!" nilibweka, na hata kasisi aliruka.

Daktari wetu wa magonjwa ya kuambukiza, Mhindi mmoja mwembamba, hakufoka kamwe. Alikuwa anakaa kando ya mgonjwa kama aliyekuja kunywa chai, anauliza, "Kwenu mnapanda nini?" Mtu akiwa bado anasifu viazi vyake, daktari ameshasikiliza kifua, mbele na nyuma. Kisha alipeleka kila kikopo kwenye darubini mwenyewe. Siku moja nikamwambia, "Daktari, hayo ni makohozi, si dhahabu." Akacheka mpaka miwani ikateleza.

Kulikuwa na mama mmoja wa Dundori, mlokole kabisa, aliyekuwa amedungwa sindano miezi na miezi. Mtoto wake alimwacha nyumbani akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto alikuwa anatembea, na kila Jumapili nyanya yake alimleta mpaka kwenye chokaa. Jumapili moja mama alimnyooshea mikono kwa mbali, na mtoto akajificha kwenye sketi ya nyanya, akilia kama ameona zimwi. Siku mbili yule mama hakutia kitu mdomoni.

Ili aruhusiwe kwenda nyumbani, makohozi yake yalitakiwa kuwa safi mara tatu. Mara mbili yalikuwa safi. Ilibaki moja tu, na hofu ikamshika.

"Dada," akaninong'oneza, "wewe ni mzima. Nikoholee."

"Wacha wazimu!"

Lakini nilikuwa nimemwona yule mtoto akijificha. Nikaingia stoo na kikopo chake, nikakohoa bila shida yoyote. Asubuhi nilikuwa nakohoa kila siku, na lawama niliupa ugoro. Nyanya yangu alinifundisha kuunusa nikiwa msichana, na kikopo changu cha ugoro kilikaa mfukoni mwa aproni, siri yangu kubwa.

Kesho yake daktari akaja, akakaa kando ya mama wa Dundori. "Mama, umeanza kunusa ugoro?"

"Mimi? Nimeokoka, daktari!"

"Makohozi yako bado hayajaokoka. Yana ugoro."

Mimi nilikuwa chini ya kitanda cha jirani na kitambaa cha deki, na nilitamani kubaki huko mpaka Krismasi. Masikini mama, kudanganya hakujui. Macho yake yalinitafuta moja kwa moja. Daktari akayafuata mpaka chini ya kitanda. Alimpa mama kikopo kipya, akasimama pale pale mpaka mama akakohoa, akakichukua akaenda zake.

Jioni alinikuta kwenye benchi ya veranda. Nilijua nafutwa kazi, na nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumjibu. Akakaa kando yangu, taratibu.

"Kwenu mnapanda nini?" akaniuliza.

Maneno yote makali yakaniishia. Nikalia kabla hajagusa kifua changu.

Makohozi ya mama yalikuwa safi. Yangu ndiyo yalikuwa na wadudu.

Jumapili watu wake walikuja kumchukua mama. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la wagonjwa, nimesimama upande wa ndani wa chokaa. Yeye alikuwa upande wa pili, mtoto amesimama hatua mbili kando yake, bado anamkagua kwa wasiwasi. Mama aliponiona na lile gauni akaangua kilio, akainua mguu aje kunikumbatia.

"Rudi nyuma ya mstari!" nikabweka, kwa nguvu zote zilizobaki kifuani.

Mtoto akashtuka, akamrukia mama yake, akamng'ang'ania shingoni.