Faili Lililokataa Kufunguka

Mama yule alikuja ofisini kwetu Njombe mvua za kwanza zikiwa zimeshalowesha mashamba. Alikuwa mkulima wa Lyamkena, kule Makambako, na miaka kadhaa nyuma alituruhusu tufunge vipimajoto viwili shambani kwake, kimoja bondeni karibu na kijito, kingine juu mlimani. Ulikuwa mradi wa kupima hali ya hewa mashambani, na kazi yangu ilikuwa kutunza vipimo hivyo.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Nina miche ya parachichi. Mlimani sina maji, bondeni yapo. Jalidi ya bondeni, ule umande unaoganda usiku, itaniunguzia?"

"Hewa baridi huwa inatuama mabondeni, mama."

"Hilo nalijua. Nauliza bonde langu. Juu yake kuna miti ya mbao, labda inalikinga."

Nilifurahi, kwa sababu mradi ulianzishwa kwa ajili ya maswali kama hilo. Nikamvutia kiti, nikaandika mistari michache ya Python, lugha ya kompyuta, kuulizia vile vipimajoto vyake viwili, miezi ya baridi tu.

Kompyuta ikakwama. Vipimo vya vituo vyote vya mradi vilikaa katika faili moja kubwa mno, vimepangwa kwa saa: saa hii vituo vyote, saa inayofuata vituo vyote tena. Kukipata kimoja ilibidi kupita katikati ya vyote, na kumbukumbu ya kompyuta ile ilikuwa ndogo. Nikaiwasha upya, nikaiambia isome kipande kimoja kimoja. Ikaanza kutambaa. Mama akasogeza kiti akitazama kioo pamoja nami.

Umeme ukakatika. Vipimo vipya vilikuwa vinaandikwa katika faili lilelile, na umeme uliporudi faili lilikuwa limeharibika, halikufunguka. Nilijaribu kila nilichofundishwa na kila nilichosoma mtandaoni. Nakala ilikuwa makao makuu, mbali, na kwa mtandao wetu isingefika. Ililazimu watume diski.

"Kwa hiyo majibu yamo humo ndani?" aliuliza.

"Yamo, mama."

"Ila hayatoki."

"Hayatoki."

"Miche haisubiri," akasema, akajifunga vizuri mtandio wake, akaondoka kuwahi gari.

Diski ilipokuja mvua zilikuwa zimekolea. Nikapanga vipimo upya, kituo kwa kituo, nikauliza tena. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole kwenye kibonye: bondeni kwake jalidi ilishuka kila mwaka, mlimani haikugusa kabisa. Nikampigia, nikamweleza.

"Nimeshapanda bondeni," alisema. "Imeshika vizuri."

Baridi ilipokaribia nilikwenda shambani kwake. Tulikata nyasi, tukafunika miche mmoja mmoja, nami nilijua kutoka kwenye vipimo kiwango cha baridi ambacho nyasi zile zisingeweza kukizuia. Sikumwambia. Angefanya nini na namba hiyo?

Alfajiri moja akanipigia mwenyewe, nikaondoka mara moja. Nilikuta bonde jeupe kwa jalidi, na jua lilipopanda majani yakawa meusi, yamelegea kama mboga iliyopikwa. Akachuna jani, akalisaga kwa vidole.

"Pole, mama."

"Wewe ungefanyaje?" alisema, na hakuwa ananituliza, alitaka kujua kweli.

Tukaanza kung'oa miche iliyokufa. Michache ilikuwa bado mibichi chini ya gome, hiyo tukaiacha. Alipochoka aliniita jikoni, akanipa viazi vya kuchemsha na chumvi, tukala huku mikono yangu ikikataa kupata joto.