Abiria Asiye na Kibati

Kwenye boti ya kwenda kisiwani kila abiria alipewa kibati chenye namba, akivae shingoni mchana kutwa. Wakati wa kurudi alikivua na kukitundika kwenye msumari wake, ubaoni, pale pale anapopandia. Ubao ukijaa, boti inang'oa nanga. Mwenye ubao alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye wenzake walimwita Mama Vibati, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuacha mtu. Walevi aliwashika mkono, wapenzi aliwatoa vichakani, na mzee mmoja aliyelala fofofo kwenye mchanga mweusi alimfuata mwenyewe na kumwamsha kwa makofi ya mgongo. Sifa hiyo ilimpanda kichwani, tusifichane.

Kisiwa chenyewe ni mlima uliochoka kutema moto. Hakuna anayekaa huko. Watu huenda asubuhi, hupanda mpaka ukingo wa shimo la kileleni, huchungulia ziwa la kijani lililo chini, huziba pua kwa harufu ya mayai viza, hupiga picha na kushuka. Mvuke hutoka kidogo kidogo kwenye nyufa, na ndege ni wa kuhesabu. Wengi husema wamepumzika vizuri. Mama Vibati aliona wameogopa ule ukimya, basi tu wanaona haya kusema.

Siku ya mkasa huu alikuwa amempandisha botini mdogo wake. Hawa walikuwa wawili tu, hawana ndugu mwingine chini ya jua. Mama yao alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Mama Vibati ndiye aliyemuuguza, akamgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko. Mdogo mtu, aliyeolewa mbali, alifika siku ya tatu baada ya mazishi, na siku ya nne akaondoka. Toka hapo ikawa simu za kubahatisha, hujambo sijambo, imekatika. Sasa amekuja mwenyewe, bila kuitwa, na sanduku dogo, kukaa siku nne. Mama Vibati alijua wazi kwamba wasipopatana safari hii, ndiyo basi tena. Kwa kuwa hakuwa hodari wa maneno matamu, alimpa alichokuwa nacho: safari ya kisiwani.

Kibati hakumpa. Mabaharia wa boti ile walikuwa na mwiko wao, kwamba mtu wa nyumbani havalishwi namba. Wake zao, mama zao, shemeji zao, walipanda hivi hivi na kukaa nyuma karibu na mashine.

"Vibati ni vya wageni," nahodha alizoea kusema. "Mtu wangu mwenyewe nitamsahauje?"

Walipokuwa njiani kwenda, ndugu hao wawili walikaa wakikunja majaketi ya kuokolea. Mdogo mtu alikunja mawili, akasita.

"Dada, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Mama aliugua miezi mitano. Kwa nini hukumpeleka hospitali mapema? Labda mpaka leo tungekuwa naye."

Maneno hayo yalimkata maini. Alikuwa amempeleka mara tatu, na mara zote tatu walirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Angesema hivyo, yangekwisha pale pale. Lakini hasira ina kiburi chake. Aliona kujitetea ni kujishusha.

"Na wewe ulikuwa wapi usije umpeleke?"

"Si ndiyo nimekuja tuongee, dada?"

"Ongea na maji hayo."

Akainuka, akampa mgongo. Walipofika, mdogo mtu alishuka na kundi la abiria na kuanza kupanda mlima peke yake. Mama Vibati alibaki gatini akipanga kamba ambazo zilikuwa zimepangika.

Alasiri wingu lilishuka ghafla na kumeza kilele. Nahodha akapiga honi mara mbili, tuondoke kabla hatujafungiwa. Abiria wakateremka mbio, wakatundika vibati huku wakigombania viti vya ndani. Arobaini na moja. Misumari yote ikajaa. Mama Vibati akainua mkono, boti ikatoka.

Walikuwa wamekwenda kama nusu saa fundi wa mashine alipotokeza na kikombe.

"Mama Vibati, mdogo wako yuko wapi? Chai yake inapoa."

"Si yuko huko nyuma kwako?"

"Kwangu? Toka asubuhi sijamwona."

Alimtazama fundi, kisha akautazama ubao, akamkimbilia nahodha. Nahodha hakuuliza mara mbili, aligeuza boti. Abiria wakaanza kunung'unika, mmoja akasema kwa sauti, "Sasa wanahesabu nini hawa?"

Walimkuta amekaa gatini, ameloa chapachapa, viatu mkononi, nyayo zinavuja damu. Kiatu kilikatika ukanda mlimani, akashuka pekupeku juu ya mawe makali, akatokea ufukweni boti ikiwa haijafika mbali. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama Vibati alimkimbilia na blanketi. Mdogo mtu akalipokea, akajifunika mwenyewe, akaenda kukaa ndani kati ya abiria.

Walipofika nyumbani, jua lilikuwa halijazama. Mdogo mtu alitoa sanduku chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo.

"Nilidhani uko nyuma," Mama Vibati alisema kutoka mlangoni. "Haki ya Mungu, nilidhani uko nyuma."

"Miaka kumi na tisa hujaacha hata mlevi. Jana usiku ulinisimulia mwenyewe, kwa majivuno." Hakuinua macho. "Nilikuona, dada. Ulisimama ubavuni mwa boti, umeelekea kwangu."

"Nilikuwa nakunja kamba! Sikuinua kichwa."

"Sema ulikusudia, nitakusamehe. Tulikuwa tumegombana, nitaelewa."

Hapo Mama Vibati angeweza kuukubali uongo huo na kuokoa siku mbili zilizobaki, pengine na miaka iliyobaki. Hakuweza. Alikuwa amechoka kufunga mdomo.

"Sikukusudia," alisema. "Ubao ulijaa nikashukuru. Sikuja kukutazama nyuma kwa sababu sikutaka kuuona uso wako. Nilikaa kitambo nikifurahi kwamba hunisemeshi. Halafu nikakusahau. Ndivyo ilivyokuwa."

Mdogo mtu aliacha kukunja. Alikaa kitandani na blauzi magotini, akalia bila sauti, kwa kuwa iliyobaki ilikuwa ya kunong'ona tu.

"Ungeniacha makusudi," alisema mwishowe, "ningejua angalau ulikuwa unanifikiria."

"Mama nilimpeleka hospitali mara tatu," Mama Vibati alisema. Yalitoka yenyewe, na yalikuwa yamechelewa.

"Haya."

Alifunga sanduku. Mama Vibati alinyoosha mkono alishike, akakuta limekwishainuliwa. Walikwenda mpaka mlango wa mbele, mmoja akichechemea mbele, mwingine nyuma. Kizingitini mdogo mtu aligeuka, akamwinamia kidogo kwa adabu, kama anayemuaga mama wa dukani.

"Kwaheri, mama," alisema. "Asante kwa kunipokea."