Ugoro wa Dada Yangu

Miaka ile ya tisini, hakuna aliyetoka kijijini kwetu Namawala kwenda shamba mikono mitupu. Kwenye matete kulikuwa na nyati, na njiani kulikuwa na watu usiowajua. Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao walibeba fimbo, wanaume wetu walibeba mapanga, na bibi mmoja jirani alikwenda hata kisimani na mundu begani. Dada yangu, mjane, alibeba kikopo cha ugoro. Nasema mpaka leo, katika wote hao hakuna aliyekuwa na silaha kama yake.

Ambaye dada alimwogopa hakuwa nyati. Alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Msiba haujapoa, akaanza kusema kwamba shamba la mpunga ni la ukoo. Shamba lile dada alilifyeka na mumewe likiwa pori tupu, na ndilo lililowalisha wanawe. Akufukuzaye hakwambii toka. Mara mpaka umesogezwa, mara mfereji wa maji umezibwa, mwisho akawa anamvizia njiani, anamshika mkono, anamwambia aache shamba au akubali kurithiwa. Mtu mzima, macho makavu.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia dada achukue panga, amwoneshe kilichomtoa kanga manyoya.

"Panga atanipokonya, mdogo wangu," akasema. "Nitakuwa nimempelekea silaha mpaka mkononi. Na nikimkata, hawa wanangu atalea nani? Mimi nataka kitu cha kumshughulisha wakati nakimbia."

Kitu chenyewe kilikuwa upupu. Aliuchuma kiangazi, upepo ukimpiga mgongoni, mikono kaifunga majani ya mgomba, akakwangua yale manyoya ya kahawia ya maganda yake kwa kisu na kuyatia kwenye kikopo cha ugoro alichoacha marehemu mama yetu. Mimi niliyesimama mbali niliwashwa kwa kutazama tu. Yeye hakuwashwa hata kidole. Tangu siku ile kikopo kilikaa pindoni mwa khanga yake, na alitembea kichwa juu. Nilimhusudu kwa kweli.

Ukafika msimu wa kuamia ndege, mpunga umeshaanza kuinama. Asubuhi moja nilikuwa juu ya dungu nawapigia ndege kelele, nikamwona shemeji ametokea kwenye matete na kumzibia dada njia juu ya tuta. Akamkamata mkono. Nikateremka mbio. Dada alikuwa ameshafungua pindo, lakini yule bwana alikuwa mwepesi, akakipora kikopo.

Sasa, yule bwana alikuwa mvuta ugoro wa kutupwa. Akakitikisa kikopo, akacheka.

"Kumbe na wewe siku hizi unavuta?"

"Shemeji, hicho si cha kuvuta. Kirudishe."

Alidhani ananyimwa. Na kwetu, kumnyima mtu ugoro ni uchoyo ambao hakuna anayeuvumilia. Akamimina kiganjani, akapeleka puani.

Alilia kama mtoto. Akajikuna uso mzima, akataka kukimbilia maji ya jaruba. Mimi, Mungu anisamehe, nilitamani ayaoge. Dada ndiye aliyemzuia.

"Usiguse maji, shemeji, yatakuzidishia. Penga. Penga tena."

Akachota majivu pale tulipopikia, akampaka usoni na mikononi, polepole, mtu yule yule aliyekuwa amemkamata mkono punde tu. Nilisimama pale na hasira zangu, na fahari nayo imenijaa kifuani. Sikuwa na moyo wa namna ile, na sina mpaka leo.

Baada ya siku chache kikakaa kikao cha ukoo, ambacho shemeji mwenyewe alikuwa amekiitisha ili akabidhiwe shamba. Dada alikaa mkekani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikiwaza: wazee wakikubali, wanawe watakula nini? Shemeji aliingia uso bado una mabaka. Kamzidi dada umri kwa mbali, na siku zote dada ndiye aliyekuwa akimwamkia. Akapita akiwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka akafika mbele ya dada yangu. Akamtazama.

"Shikamoo," akasema.

Kama ni ulimi uliteleza au ni moyo, anajua mwenyewe. Dada hakucheka, wala hakuinamisha kichwa.

"Marahaba, shemeji."

Mzee aliyeongoza kikao akamuuliza shemeji ana neno gani juu ya shamba. Akasema hana neno.