Masele Harudishi Kitu

Hosiana wa Nyahanga ana wivu. Tuliseme mapema tumalizane nalo, maana ukimsikia akisifiwa kanisani kwa upole wake utadhani ni mtu mwingine. Alizaliwa Ushirombo kwa wakulima wa mpunga, akasomea kompyuta mjini Kahama, akabaki hukohuko, mtaani Nyahanga, kwenye ofisi ndogo inayotunza kumbukumbu za wachimbaji wadogo: nani ni mwanachama wa duara lipi, yaani shimo lipi la kuchimbia, na fungu lake la mawe ni kiasi gani. Mfumo ule aliutengeneza yeye, enzi zile vikundi vinagombania majina mpaka kutishiana kwa sululu.

Alikuwa na mtindo wake. Kila zana aliyoitengeneza ndani ya mfumo aliipa jina la mtu aliyekuja kuiomba. Ya kugawa mafungu upya iliitwa Epifania. Ya kusimamisha kikundi wakati wa mvua iliitwa Noela. Na ile ya kufuta kikundi kizima iliitwa Masele, kwa sababu mzee Masele, kikundi chake kilipovunjika kwa ugomvi, alikuja ofisini akasema hataki ibaki hata herufi. Hosiana akamtengenezea kweli. Ukiita Masele, majina yanakwenda, picha zinakwenda, na nakala ya akiba inakwenda nazo. Ofisini hakuna aliyehitaji kuandikiwa hayo. Wote walikuwepo siku mzee anafoka.

Halafu akaja Loveness.

Alitoka chuo Dodoma, binti mdogo wa kucheka na kila mtu, na bosi wao Valerian akampa kazi ambayo Hosiana aliihesabu kuwa yake: kuandika maelezo ya kila zana, ili mashine ya akili mnemba iyasome na kuzitumia zana zenyewe, badala ya mtu kuzihangaikia. Mashine hiyo waliiita Msaidizi. Sasa Msaidizi haikuwepo siku mzee Masele anafoka. Inajua kilichoandikwa tu, basi.

Jamani, roho ilimuuma Hosiana. Mfumo autengeneze yeye, halafu aje mtu wa juzi kuueleza? Chai ya asubuhi haikupita. Loveness akivaa kitenge kipya, Hosiana anakiona ni kejeli. Siku Valerian alipomwambia binti yule kwamba anaandika vizuri, Hosiana alitoka nje akasimama kutazama bodaboda zinazopita, ili uso wake usionekane.

Loveness alimfuata mezani kwa adabu zote. "Shikamoo dada Hosi. Huyu Masele anafanya nini hasa?"

"Marahaba. Anaondoa kikundi."

"Basi?"

"Basi."

Na Loveness akaandika hivyohivyo: Masele, huondoa kikundi kwenye orodha. Hosiana aliusoma mstari ule, akajua kabisa kilichokosekana, akanyamaza. Moyoni alisema, ngoja siku imuumbue.

Siku yenyewe ilikuja na mvua. Mama Masalu, katibu wa kikundi kimoja cha Rwamgasa, aliingia ofisini khanga imelowa. Mumewe amefariki, fungu lake kwenye duara amelirithi yeye, na ushahidi wote, picha ya marehemu na sahihi yake, umo kwenye mfumo na si kwingine. Alisema duara limejaa maji, wamesimama mpaka kiangazi, kwa hiyo waondolewe kwanza kwenye orodha wasiendelee kutumiwa ujumbe wa zamu. Loveness akaiandikia Msaidizi maneno hayohayo. Msaidizi ikajibu kwenye skrini: nitatumia Masele kuondoa kikundi kwenye orodha, maelezo hayasemi kama kinaweza kurudishwa, niendelee?

Hosiana alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe chake. Aliyasoma yote.

Kidole cha Loveness kilishafika kwenye kitufe. Akasita, akageuka. "Dada, haina shida, eti?"

Nisikufiche, Hosiana alitaka kunyamaza. Alimwona Loveness akiitwa, akifokewa, akifungasha virago, na utamu wa jambo hilo ukampanda mpaka kooni. Mama Masalu naye akamwinulia Hosiana macho, akatabasamu. "Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama kwa heshima, "mnatutunzia vizuri."

"Acha," Hosiana akasema. "Usiguse hapo. Masele harudishi kitu. Anafuta mpaka nakala ya akiba. Tumia Noela."

Loveness akarudisha mkono kifuani. Noela ikatumika, Mama Masalu akaaga akaondoka, hajui alichoponea. Ndipo Valerian, aliyekuwa mlangoni, akauliza kwa nini jambo zito namna hiyo halikuandikwa. Hosiana akasubiri. Sasa atasema, alijiambia, atasema nilimficha.

"Ni mimi, bosi," Loveness akasema. "Sikumuuliza dada vizuri."

Heri angemtukana. Hosiana alirudi mezani macho yakimwasha. Mtoto huyu amemzidi ujana, amemzidi kusifiwa, na sasa anataka kumzidi hata roho nzuri, amwachie nini? Aliuonea wivu wema wa Loveness kuliko alivyowahi kuionea wivu kazi yake.

Valerian akaagiza maelezo ya Masele yaandikwe na Hosiana mwenyewe. Akaandika: Hufuta kikundi kizima, yaani majina, mafungu, picha na nakala ya akiba. Hakirudi tena. Kikundi kikisimama kwa muda tu, tumia Noela. Kabla ya kutumia Masele, muulize Hosiana.

Sentensi ile ya mwisho ilimpendeza sana. Mashine itapita kwake, Loveness atapita kwake, na bosi naye atapita kwake. Lakini je, siku akiwa Ushirombo msibani? Siku akiugua, au ameshaacha kazi? Msaidizi itamuuliza nani? Alikaa akilitazama jina lake pale kwenye skrini. Kisha akalifuta, na lilimuuma, akaandika: muulize mwenye kikundi, mwambie kwanza kwamba hakirudi, na usubiri ajibu mwenyewe.

Akamwita Loveness aje asome.

"Dada, hapa hata mimi ningeelewa," Loveness akasema.

Hosiana akamsogezea kiti. "Kaa. Epifania naye ana hatari zake, nikueleze."

Loveness akakaa, akafungua kompyuta. Kitenge chake bado kilimuudhi Hosiana.