Siku Niliyomkimbia Dubu Mayfair

Naona haya hata kuanza, na mkiniona nimefunika uso kwa kiganja huku nasimulia mjue si mafua, ni aibu, aibu ambayo ina miaka sasa lakini bado inaunguza kama imetoka jikoni leo, maana si kila mwanamume anaweza kusimama mbele ya watu akakiri kwamba siku ya harusi ya mdogo wake alimpiga baba wa bibi harusi kwa mwiko wa pilau, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu na mwanawe kamshika kanzu.

Ni mimi huyo. Chekeni kwanza, halafu niendelee.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Tanga, ila kazi yangu iko kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye kijiji ambacho hakina barabara ya kuingilia wala ya kutokea, kila kitu kinaletwa na ndege ndogo au meli ya kiangazi, na miti haioti (binti yangu Zuhura alikuwa ameshafika miaka sita na hajawahi kuegemea mti). Walikuwa wanatafuta walimu na hakuna aliyetaka kwenda, nikasema mimi nitakwenda, nikamchukua mke wangu Rehema na Zuhura akiwa bado ananyonya, tukaenda kukaa nyumba ya walimu iliyosimamishwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi yenyewe imeganda. Majira ya baridi jua halichomozi, mtoto anakwenda shule gizani na kurudi gizani, na kiangazi halizami, tunatundika mablanketi dirishani ili akubali kwamba ni saa ya kulala. Mwaka wa kwanza Rehema alilia. Mwaka wa pili akina mama wa pale wakamfundisha kushona makoti ya manyoya, naye akawafundisha maandazi, na sasa hakuna shughuli kijijini pale isiyokuwa na maandazi.

Lakini kuna dubu. Dubu weupe, wakubwa kuliko ng'ombe, na barafu ya baharini ikichelewa kuganda wanaingia kijijini kutafuta chakula. Hapo king'ora kinalia, na kikilia kila mtu anaingia mlango ulio karibu naye, wa nyumba yoyote ile, na ndiyo maana kwetu milango haifungwi kwa ufunguo. Shuleni mimi ndiye ninayewazoeza watoto: usiulize, usigeuke nyuma, ingia, funga, piga kelele waliomo ndani wajue. Siku moja mimi na Zuhura tulimwona mmoja nyuma ya shule, tukajitupa nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa anakata samaki sakafuni, na yule bibi hata kichwa hakuinua, alituonyesha mlango kwa kisu tuusukume, kisha akatukatia samaki tukala.

Basi hayo ndiyo maisha niliyotoka nayo nilipotua Johannesburg, Desemba ya mwaka 2017, kwa ajili ya harusi ya Idrisa.

Idrisa ni mdogo wangu, ana duka la mapazia Malvern, pale Jules Street, na alimpata mchumba kupitia mama wa duka la jirani, Bi Salma, mwanamke wa Kizanzibari anayeuza vitambaa, ambaye siku moja alimleta binti wa kaka yake kumsaidia dukani na Idrisa akaanza kununua vitambaa asivyovihitaji. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo Idrisa alinipigia simu akasema, "Kaka, wewe ndiye baba sasa. Uje, useme kwa niaba yetu. Wale ni watu wa heshima." Nikaiandaa hotuba yangu wiki nzima, nikaisoma mbele ya Rehema huku upepo wa theluji unapiga kuta, na Rehema akasema iko sawa ila niache mifano ya hesabu.

Nikaha ilikuwa ifungwe nyumbani kwa bibi harusi, Mayfair, mtaa wa hapo hapo Johannesburg, baada ya Alasiri. Rehema alitangulia asubuhi kuwasaidia wanawake. Sisi wa upande wa bwana harusi tulifika mapema mno, tukaambiwa tusubiri ndani ya magari, bibi harusi hajamalizwa. Jua lilikuwa kali, mimi nimevaa kanzu na koti juu yake, na Zuhura, mtoto wa barafu, amelegea kitini kama kitambaa kilicholowa.

"Baba," akasema, "nayeyuka."

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniletea yote haya. Ningeweza kumnunulia maji kwenye spaza, kile kiduka cha pale kona. Ningeweza kufungua mlango wa gari. Mimi nikasema, twende tukatembee kidogo, kuna kivuli kwenye kile kichochoro cha nyuma ya nyumba. Idrisa akaniambia, "Kaka, usiende mbali." Nikamwambia hapa na pale tu.

Tukaingia kichochoroni, kuta ndefu huku na huku, hakuna mtu, kimya, harufu ya pilau inatoka mahali fulani. Ghafla king'ora kikalia. (Leo najua. Kilikuwa cha wezi, cha nyumba ya jirani, na Johannesburg vinalia kutwa, paka akipita kinalia, na watu hata shingo hawageuzi.) Mimi nikasimama. Zuhura akasimama. Halafu pale mwisho wa kichochoro kikatokea kitu cheupe, kikubwa, chenye manyoya, kinakuja mbio.

"Dubu, Baba!"

Jamani, nisiwadanganye kwamba nilifikiri. Ningefikiri ningejua niko Afrika, Desemba, jua la kuchoma mgongo. Mwili wangu haukuniuliza. Nilimnyakua mtoto, nikauona mlango wa nyuma ulioachwa wazi, nikaingia, nikaubamiza, nikalisukuma friji likauziba, na nikapiga kelele kwa sauti yangu yote ya darasani:

"Yuko nje! Yuko nje! Laleni chini!"

Ndipo nikageuka.

Nilikuwa nimesimama jikoni kwa bibi harusi. Nyumba ile ile! Na kati ya jiko na sebule hakukuwa na mlango, kulikuwa na uwazi tu, na kwenye ule uwazi niliwaona wanawake wanaopata ishirini, vichwa wazi, khanga kifuani, na katikati yao bibi harusi mwenyewe, aliyefichwa asionekane hata na kivuli cha upande wetu, mikono na miguu imejaa hina mbichi, kaniangalia kinywa wazi.

Ningekomea hapo, ningeomba radhi nikatoka, ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini mke wangu alikuwamo. Na Rehema aliposikia mimi nasema yuko nje hakuuliza nani, aliwashika watoto wawili waliokuwa karibu akawasukuma chooni huku anasema, "Ingieni, ingieni, msigeuke nyuma!" Wale wanawake walipomwona Rehema anakimbia, wakaamini. Nyumba ikalipuka. Wengine chini ya vitanda, wengine nyuma ya makochi, bibi harusi kajirusha sakafuni na hina yake yote ikabaki kwenye zulia, na mmoja akakibonyeza kile kitufe cha ukutani cha kuita walinzi wenye bunduki.

Mimi bado niko jikoni nimeegemea friji, Zuhura kanishika kanzu. Mara mlango ukaanza kusukumwa kutoka nje. Kitu kizito, kinahema, kinasukuma. Nikasukuma na mimi. Kikaacha. Nikasikia kinachakura dirishani, lile la juu ya sinki, na kitu cheupe kikapenya kati ya nondo kinapapasa kutafuta komeo, na mimi mwiko ulikuwa pale pale juu ya sufuria, ule mwiko mkubwa wa shughuli, nikaushika kwa mikono miwili nikapiga.

Kile kitu cheupe kikasema, "Mama yangu wee!"

Dubu hasemi mama yangu wee. Ulikuwa mkono wa kanzu. Ulikuwa na saa na pete. Ulikuwa mkono wa Mzee Mbarouk, baba wa bibi harusi, aliyesikia mayowe ya wanawe akazunguka nyuma kuja kuwaokoa.

Niliuachia mwiko ukaanguka kwenye pilau. Nilikuwa baridi mwili mzima, na baridi mimi naijua. Nikaliondoa friji taratibu, nikafungua. Mzee Mbarouk alikuwa amesimama pale ameushika mkono wake wa kulia, nyuma yake Idrisa na wazee wote wa upande wetu, nyuma yao walinzi wawili na bunduki zao, na kati ya miguu ya walinzi, ulimi nje na mkia unatikisika, mbwa. Mbwa mweupe wa jirani, mwenye manyoya mengi, mnene kama godoro.

"Eish," akasema mlinzi mmoja. "Nani ameingia?"

Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Mwalimu," akasema Mzee Mbarouk, polepole, "ulisema yuko nje. Nani yuko nje?"

Nikamjibu, "Dubu, mzee wangu."

Sijawahi kusikia kimya kama kile, na mimi naishi mahali ambapo theluji inameza sauti zote. Idrisa alifumba macho. Mzee mmoja wa upande wetu akaanza kusoma dua. Nikaeleza kila kitu, king'ora, shule, mlango ulio karibu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nazama, mpaka bibi mzaa mama wa bibi harusi, kutoka chini ya meza, akauliza, "Dubu huyo amekuja na ndege gani?" na hapo watu wakacheka, wakacheka mpaka walinzi wakashika ukuta. Mimi nikadhani nimeokoka.

Ndipo Rehema akaja akanivuta. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Baba Zuhura, njoo. Bi Salma amejifungia bafuni na watoto. Hataki kufungua."

Miaka miwili kabla yake, watu waliokuwa wakiwafukuza wageni walivunja maduka ya Jules Street. Bi Salma alikuwa dukani peke yake siku hiyo. Alijificha chini ya meza ya kukatia vitambaa, nje wanapiga kelele, akawasikia wakibeba mzigo wote mpaka rafu, na mtu mmoja alisimama karibu naye kiasi cha kuviona viatu vyake. Hayo nilikuwa nimesimuliwa na Idrisa kwenye simu, mimi nikasema pole, nikarudi kusahihisha madaftari. Na leo mimi, mgeni mheshimiwa, nimeingia nyumbani kwao nikipiga kelele yuko nje.

Nikasimama mbele ya mlango wa bafu. Kaka yake, Mzee Mbarouk, alishamwita, hakufungua.

"Shangazi," nikasema, "ni mimi, kaka yake Idrisa. Hakuna mtu nje. Naapa kwa Mungu."

Sauti ndogo ikatoka ndani, "Wako wangapi?"

"Hakuna hata mmoja. Ni mbwa. Mimi nilidhani ni dubu."

"Wewe ulisema wapo."

"Nilisema. Nilikosea. Nisamehe."

Hakufungua. Nikakaa chini, kanzu yangu ya harusi sakafuni, nikaanza kumweleza kijiji chetu, maana sikuwa na kingine cha kusema. Nikamweleza yule bibi wa samaki na kisu chake. Nikamweleza kwamba kule mtu akiingia kwako mbio hujui jina lake unasogea tu apate nafasi. Watu walikuwa wamejaa kwenye ukumbi nyuma yangu wote wanasikiliza. Baada ya muda komeo likalia. Bi Salma akatoka na watoto watatu wamemng'ang'ania, akanitazama pale chini nilipo.

"Kwa hiyo kwenu hatari ikija," akasema, "watu wanafungua milango."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nyinyi mna bahati. Sisi adui yetu ni binadamu, naye anajua kubisha hodi." Akanipita akaenda kuvaa buibui.

Nikaha ilifungwa Magharibi imekaribia. Hotuba yangu sikuitoa, nilisema "Tumekuja" na "Tunashukuru" nikakaa. Mkono wa kulia wa Mzee Mbarouk ulikuwa umevimba, na ndio mkono wa kumshika bwana harusi wakati wa kumwozesha. Akanitazama mbele ya umati wote. "Mwalimu, lete barafu. Si ndiyo kazi yenu huko?" Nikaenda jikoni nikaleta, nikamfungia kwa kitambaa cha vyombo, na Idrisa akaozeshwa akiwa ameshika bonge la barafu linalodondoka maji kwenye kanzu yake mpya. Alinisemesha baada ya wiki tatu.

Somo nililopata ni hili: mtoto mfundishe hofu ya mahali alipo, lakini kabla hujamfundisha jiulize na wewe uko wapi. Na kabla hujapiga kelele kwamba yuko nje, sema kwanza ni nani, maana kila nyumba ina wa kwake inayemwogopa. Idrisa alipopata mtoto alinialika tena Mayfair, nikaenda. Nilipita mlango wa mbele. Nilibisha hodi, Bi Salma akauliza ni nani, nikataja jina langu kamili, la baba yangu na la babu yangu, nikasimama juani nikisubiri kukaribishwa mpaka shati likaloa, wala sikulalamika.