Mama Chumvi Apunguza Mkono

Katika kantini ya kiwanda cha sabuni, mpishi mkuu alikuwa mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, mwenye mdomo mwepesi na mkono mzito. Mkono huo ndio uliompa jina. Wenzake walipochota chumvi kwa kijiko, yeye aliimwaga kwa kiganja, tena macho yakiwa kwenye mazungumzo. Wafanyakazi walimwita Mama Chumvi, naye aliitika kwa madaha kama aliyepewa cheo.

Siku moja kichwa kilimgonga mpaka akakaa juu ya gunia la vitunguu. Akaenda zahanati, kwa binti wa kaka yake aliyekuwa muuguzi hapo. Binti akamfunga mkanda wa kupimia mkononi, akautazama mshale, akakunja uso.

"Shangazi, presha iko juu. Utameza vidonge, na chumvi upunguze."

"Nipunguze? Halafu wataniita Mama Nani?"

"Watakuita marehemu ukiendelea hivi. Tumia viungo, shangazi. Pika kama Wahindi: kaanga bizari nyembamba na giligilani kwanza, tia tangawizi, kitunguu saumu, manjano. Ulimi ukipata shughuli nyingine hauulizi sana habari ya chumvi. Na hao unaowapikia watafaidika pia."

Mama Chumvi hakuwa mtu wa kufanya jambo kimyakimya. Kesho yake akapunguza chumvi kwa mpigo mmoja, akasahau kabisa viungo, kisha akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: LEO CHAKULA CHA AFYA.

Wa kwanza kuonja alikuwa fundi wa boila, jitu la miraba minne. Walimwita Ulimi, kwa kuwa hakuna aliyeshika kijiko kabla yeye hajatoa hukumu. Aliweka tonge la maharage mdomoni, akalizungusha, akasimama.

"Jamani," aliuliza kwa huzuni, "nani amefiwa?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwingine akauliza kama wamelazwa, maana chakula hicho ni cha wodini. Sahani zikarudi jikoni zimejaa, na Mama Chumvi akarudi nyumbani amenuna.

Lakini kununa kwake hakukuwahi kulala mpaka asubuhi. Alifuta ubao, akapitia sokoni kwa muuza viungo, akanunua vya kutosha. Safari hii hakumwambia mtu. Alikaanga bizari na giligilani mpaka harufu ikapenya chumba cha kufungashia, na kina mama wa huko wakaanza kuulizia saa. Dengu zikapata manjano na tangawizi, wali ukapata iliki, karafuu na mdalasini, kabichi ikapata pilipili manga. Chumvi aliipunguza kidogo kidogo, kama mtu anayemtoa mgeni nyumbani bila kumfukuza.

Kilichobaki kumtia wasiwasi kilikuwa vichupa vya chumvi vilivyokaa mezani. Kuviondoa kungezua vita. Basi alikanda unga kwa maji, akaziba kwa ndani vitobo vya kila kifuniko, akaacha kitobo kimoja tu. Mchana Ulimi akashika kichupa, akakitikisa juu ya dengu kama anayecheza kayamba, akaonja, akafumba macho.

"Mnaona? Chumvi ya mezani ndiyo iliyookoa chakula hiki."

"Ongeza tena, baba," Mama Chumvi alimwambia kutoka dirisha la jikoni. "Usijinyime."

Viungo havikufichika kwa sababu vilinukia, na maneno yakaanza kuzuka. Mtunza stoo alisema tangawizi imemtuliza tumbo, jambo ambalo majirani zake wa mezani walilithibitisha kwa shukrani. Mama mmoja aliapa kuwa manjano yamemponya magoti. Mlinzi wa geti naye alidai karafuu zimemsafisha sauti, akaimba zamu nzima mpaka wakamsihi aache kuzila. Mama Chumvi aliyasikia haya akavimba kichwa. Vidonge vyake akaviweka kabatini.

Aliporudi zahanati, mshale ukapanda tena.

"Vidonge viko wapi, shangazi?"

"Vimepumzika. Viungo vimeshika zamu."

"Nani alikwambia viungo ni daktari? Vinakusaidia kula chumvi kidogo, basi. Vidonge utavirudia leo. Na hicho mfukoni?"

"Kipi?"

Binti akanyoosha kiganja. Shangazi mtu akatoa, kwa unyonge mkubwa, kipakiti cha karanga za chumvi, vidole vyake bado viking'aa kwa chumvi. Kumbe kila alichokinyima chungu alikuwa anajilipa mwenyewe kule stoo. Binti alicheka mpaka akakaa, kisha akazila karanga zote mbele yake.

Mama Chumvi akavirudia vidonge, akaziacha karanga, na taratibu presha ikaanza kushuka.

Siri ya vichupa ilifichuka mchana mmoja Ulimi alipofungua kimoja ili akijaze. Akachungulia ndani ya kifuniko, akachokonoa unga mkavu kwa ukucha, akageuka polepole kuelekea dirishani.

"Mama Chumvi. Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunisifia chakula, baba."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka getini. Ulimi alisimama pale, amekasirika nusu na nusu hajui la kufanya na uso wake. Mwishowe akaketi, akamaliza sahani, akaifuta kabisa. Wenzake walipotoka alisogea dirishani, sauti ameishusha.

"Unachanganya nini humo? Mke wangu ana presha, na siku hizi mimi ndiye ninayepika."

Mama Chumvi akaacha utani. Alimfungia viungo katika vipande vya gazeti, akamweleza kipi kitangulie kwenye mafuta na kipi kisubiri, akamwonya kuwa bizari ikiungua inatia uchungu chakula kizima.

Kesho yake Ulimi alikuja na kibakuli cha dengu, amekibeba kwa mikono miwili. Mama Chumvi akaonja. Macho yakamtoka, akakimbilia maji.

"Umetia chumvi kiasi gani?"

"Kidogo tu, kama ulivyosema."

"Kidogo cha nani?"

Ulimi alikitazama kiganja chake kipana kama koleo, akakificha nyuma ya mgongo. Mama Chumvi akamfungulia mlango wa jikoni, akamrushia aproni, akamwambia ingia, tuanze upya.