Mama Mkwe na Ukuta Wangu

Wenzangu, mnicheke polepole. Mama wa mchumba wangu, Mkongomani wa Haltom City, hucheza chess kwa fujo, anashambulia tangu mwanzo. Nami nilitaka anikubali. Basi wiki nzima, huku ninakoishi Plano, nilikuwa na-practice ukuta wa kujilinda ambao wajuzi husema haubomoki.

Jumapili baada ya misa tukaketi. Lakini mimi ni Mluhya, na kwetu mama mkwe hatazamwi ovyo. Nikainamisha kichwa, nikaangalia upande wangu tu wa ubao, nikipanga askari na farasi kama nilivyokariri.

"Huyu anajua," shemeji zangu wakanong'ona. Nikavimba kichwa.

Mara farasi wa Mama akaruka ukuta, akatua karibu na mfalme wangu, akimtishia kumla. Nikamshika askari wangu ili amle farasi huyo.

"Hapana," akasema Mama.

Ndipo nikainua macho. Malkia wake alikuwa amesimama pale kitambo, akimlenga mfalme wangu aliyejificha nyuma ya askari huyohuyo; nikimsogeza tu, mfalme analiwa. Mfalme naye kukimbia hakuna, ukuta wangu mwenyewe umemziba; nimeshindwa.

Shemeji wakaangua kicheko. Mama akanipapasa bega.

"Mtoto yangu, heshima yako nimeiona. Lakini mama mkwe ni miye, hapana malkia. Yule ungemuangalia."